Kilichogonga Ndani ya Bawa

Ninyi mnaonicheka kila nikikataa kwenda kwenye sherehe zenye mahema na vipaza sauti, leo nawaambia sababu, na nawaambia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa kule kijijini Nkunga, maana watu wa Nkunga wanaisimulia vibaya, wanatia chumvi, wanasema nililia, na mimi sikulia. Niliaibika, hilo nakubali, niliaibika mbele ya mchungaji na viongozi wa wilaya na kwaya mbili na shule ya msingi nzima, lakini kulia sikulia, hasira hazikuniachia nafasi.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, mashamba ya umma yanauzwa, viwanda vinauzwa, kila wiki unasikia fulani kapunguzwa kazi. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Tukuyu mjini, nina kibaraza changu jirani na soko, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara na suti za maharusi, na sikuwa fundi wa kubahatisha. Halafu mitumba ikafunguliwa. Marobota yakawa yanashushwa kutoka Mbeya kama magunia ya viazi, na wateja wangu, watu niliowashonea toka wasichana, wakawa wananiletea gauni la Ulaya nilipunguze kiuno tu. Nilikasirika mwaka ule, mama zangu, nikakasirika na mwaka uliofuata, ikafika mahali hasira ikawa ndiyo sura yangu, mtu akinisalimia namjibu kana kwamba kaniibia.

Ndipo tajiri mmoja akanunua shamba la chai upande wa Masukulu, na kwenye lile banda kubwa la kunyaushia majani, lililokuwa limekaa tupu, akaleta makasha, na ndani ya makasha mlikuwa na ndege. Ndege ndogo ya viti viwili, imekuja vipandevipande, ya kuunganishwa hapahapa, na ikishakamilika hiyo ataunganisha nyingine, awauzie wenye mashamba makubwa wanyunyizie dawa. Kiwanda cha ndege, hapa Rungwe kwetu. Watu walicheka sokoni mpaka wakashika mbavu (na mimi nilicheka, sitawadanganya), lakini ikaja habari kwamba mabawa ya ndege ile ni mbavu za mbao na bati jembamba tu, zinavishwa kitambaa, na kitambaa kinashonwa kwa mkono, mshono mmoja mmoja, kisha kinapakwa dawa ya kukikaza mpaka kinalia kama ngoma. Wakatafuta fundi mwenye mkono mzuri. Wakanipata mimi.

Kazi niliipenda. Aliyeniudhi ni Mhandisi. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mpole wa sauti, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: takataka. Kipande cha waya, nati, kichwa cha msumari, ganda la karanga, chochote kilichosahaulika ndani ya ndege, yeye alikiona ni kifo. Siku ya kwanza kabisa kazi aliyonipa haikuwa ya bawa, aliniletea ovaroli za mafundi wote akaniambia nizishone mifuko, izibe, mtu asibebe kitu. Pete tulivua, bangili tulivua, vibanio vya nywele tulivua. Kila jioni anatupanga mstari mmoja, tunatembea polepole banda zima macho chini, tunaokota. Halafu anapita mwenyewe na tochi, anagongagonga mkia, anatikisa bawa, anaweka sikio.

“Nati ikidondoka kwenye gari, gari litasimama barabarani,” alikuwa anatuambia. “Huko juu mtasimama wapi?”

Alikuwa sahihi, na mpaka leo sijamsamehe kwa kuwa sahihi, lakini sikilizeni na hili. Siku moja aliikuta bisibisi ya fundi Ambakisye ndani ya mkia. Bisibisi nzima, si sindano. Wanaume wakacheka, Ambakisye akaitwa Bisibisi kutwa nzima, basi, yakaisha. Mimi nikaliweka hilo moyoni.

Sasa nirudi nyumbani kidogo, maana bila hili hamtaelewa. Mnajua nina meno mawili ya bandia hapa mbele, niliteleza na ndoo kisimani nikiwa msichana. Wakati ule yalikuwa yameshikwa kwenye kipande cha plastiki cha rangi ya ufizi, yanavuliwa na kuvaliwa, usiku nayaweka kwenye kikombe. Asubuhi moja nikaamka, kikombe kitupu. Nyumbani tulikaa na wifi yangu, Tusekile, mdogo wa mume wangu, binti mtaratibu wa kwaya, na usiku ule ndiye aliyeosha vyombo. Sikuuliza mara mbili. Nikamwambia umeyamwaga na maji machafu migombani. Akasema, “Wifi, kile kikombe sikukigusa.” Nikamwambia chukua jembe. Akafukua ile takataka ya migombani mvua inamnyeshea, mimi nimesimama mlangoni na kanga mdomoni naelekeza, fukua pale, fukua na pale, na hakupata kitu. Jumapili nikayasema kwenye umoja wa wanawake, kwamba nina mtu ndani asiye mwangalifu, na tena mwongo. Jumatatu Tusekile akafunga nguo zake akaenda kwa mama yake mdogo, Nkunga. Mume wangu hakunisemesha siku nyingi. Nikaendelea kushona bawa la pili, la kulia, nikiwa kibogoyo, nimeziba mdomo, nimenuna.

Ikafika siku ya sherehe. Tajiri alikuwa amealika watu wa wilaya, mchungaji wa kubariki, kwaya, wanafunzi wenye bendera za karatasi, na rubani ataruka mbele yao kwenye ule uwanja wa majani chini ya shamba. Asubuhi mapema, wageni hawajafika, wakaiwasha injini kuipasha moto. Ikanguruma vizuri, ikazimwa. Rubani (mtu mzima mwenye mvi, hakuwa na maneno mengi) akashika usukani akauchezesha kulia na kushoto, mara akaacha.

“Kuna kitu kinagonga,” akasema.

Mhandisi akashika ncha ya bawa la kushoto akaitikisa. Ka, ka. Tukasikia wote. Kitu kilikuwa kimekaa humo kimeganda, na mtetemo wa injini umekibandua.

Mhandisi hakufoka, nasema haki yake. Alikuja pembeni nilipokuwa nimesimama na kikapu changu cha nyuzi, akasema kwa sauti ya chini, “Mama Lusajo, tufungue mshono hapa chini kidogo, nikitoe hicho kitu, kisha uurudishie. Wageni wakifika hatakuwapo anayejua.”

Hapo ndipo. Kama ningesema sawa, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mimi nikamwona Ambakisye anamnong’oneza mwenzake, nikakumbuka bisibisi, nikaona kumbe ya wanaume ni kicheko na ya mwanamke ni kukatiwa kazi yake, nikapandwa na hasira.

“Bawa langu halikatwi,” nikasema, na sikusema kwa sauti ya chini. “Mafundi wote wameingiza mikono humu, kwa nini unakuja kwangu? Tafuta chako huko kwa hao wanaosahau bisibisi.”

“Sijasema ni chako, mama.”

“Hujasema, lakini umekuja kwangu. Sasa sikia, mkikuta kitu changu humo ndani, nitampigia magoti kila mtu aliyemo katika banda hili, mmoja mmoja.”

Tajiri alikuwapo, na yeye hakutaka ndege yenye kiraka siku ya picha, akaniunga mkono, akasema itafutwe njia nyingine. Wakaleta sumaku kubwa imefungwa kwenye mti, wakaipitisha juu ya kitambaa. Haikushika kitu. Nikacheka kwa dharau. Wakaingiza tochi na kioo cha kunyolea kwenye kale katundu ka kukagulia waya, hawakuona. Mhandisi akalala chini ya bawa, wenzake wanatikisa, anasema kimehama, kimerudi, kimehama. Na mimi kila wakikosa naongeza neno, nasema leo mtatafuta mpaka muumbuke.

Wageni wakafika. Na mvua nayo (si mnaijua ya kwetu, haibishi hodi) ikashuka kwa nguvu, mahema yakavuja, basi watu wote wakaingia bandani, kwaya ya mjini, kwaya ya Nkunga, wanafunzi, mchungaji na joho lake, wakaizunguka ndege wakitaka kujua kuna nini. Ambakisye akawaeleza, na kiapo changu hakukisahau. Nesi mmoja aliyekuwa kati ya wageni akatoa kile kipimo chake cha kusikilizia moyo, Mhandisi akakivaa masikioni, akawa anapima bawa kama mgonjwa, na banda zima kimya, watoto wameshika midomo. Akafika mahali akatulia. Akachora msalaba kwa chaki.

“Kipo hapa,” akasema. “Na hapa ndipo kapi, kile kigurudumu kinachopitisha waya wa kugeuzia bawa. Siwezi kuruhusu ndege hii iruke.”

Rubani akasema, “Na mimi siingii.” Tajiri akanyoosha mikono. Mhandisi akanitazama mimi, akachukua kisu, akakata kitambaa changu, nilichokishona mpaka vidole vikatoka damu, akakikata mbele ya wote. Akaingiza koleo ndogo. Akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga kukitazama vizuri.

Yalikuwa meno yangu.

Mnajua nilivyokumbuka? Kwa mkupuo, kama mtu kanimwagia maji. Ile jioni ya kumalizia bawa la kushoto, ile dawa ya kukaza kitambaa imenipanda kichwani, natapika, uzi umetiwa nta na mimi nina tabia ya kukata uzi kwa meno, na ya bandia hayakati, yanacheza, nikayavua, na mfuko sina (mifuko nimeishona mwenyewe), nikayaweka juu ya ubavu wa bawa mara moja tu. Nikavuta kitambaa, nikafunga mshono. Nikaenda nyumbani kichwa kinapasuka, nikalala, asubuhi nikakikuta kikombe kitupu nikamtafuta wa kumkamata.

Mhandisi akauliza, “Haya ni ya nani?” Alijua. Kila aliyenitazama mdomoni alijua. Mtoto mmoja akacheka, kisha shule nzima, kisha makwaya, nikamwona hata mchungaji amegeuka ukutani mabega yanamtikisika. Ambakisye akasema, “Magoti, Mama Lusajo.”

Nikasema, “Ni yangu. Nipe.” Nikayapokea kutoka kwenye koleo, yana gundi na vumbi. Mchungaji akajikaza, akasema hapana haja ya magoti, siku ni ya furaha, tumsamehe dada yetu. Na mimi huo msamaha nikaudaka harakaraka, nikageuka nitoke.

Mlangoni, katikati ya kwaya ya Nkunga, alikuwa amesimama Tusekile, amevaa joho jeupe. Hakuwa anacheka. Alinitazama mkononi, akanitazama usoni, akasubiri. Katika banda lile mtu wa kupigiwa magoti alikuwa mmoja, na ndiye huyo. Nikampita. Nilikuwa na hasira ya Mhandisi, ya Ambakisye, ya mvua, nikampita kama nguzo nikaingia mvuani.

Rubani alinifuata kule nje nilikojibanza ukutani. Hakunigombeza. Alisema, “Nataka ujue tu. Lile kapi lilikuwa limeanza kuyauma yale meno. Ningegeuza kushoto, bawa lisingerudi.” Akanionyesha kwa mkono ndege inavyolala ubavu. “Nina watoto wanne,” akasema, akarudi ndani. Nikayatazama meno. Kwenye ile plastiki palikuwa na alama ya waya, imezama.

Kesho yake nilirudi kuziba lile tundu, maana hakuna mwingine aliyejua mshono ule, na Mhandisi akasimama juu yangu mpaka mwisho, na kabla sijafunga akaniomba nifungue mdomo ahesabu meno. Nilitaka kumpiga na mkasi. Nikafungua.

Ndege iliruka wiki ile, watu wanasema ilipendeza. Sikwenda. Nilikwenda Nkunga. Nikafika nimebeba ndizi na sukari, nikaanza kumwambia Tusekile samahani, lakini hasira zilikuwa bado zimo, nikajisikia nasema samahani ila na wewe ungesisitiza, samahani ila ile dawa, samahani ila Mhandisi. Yule mama yake mdogo, aliyekuwa anamenya ndizi bila kutazama juu, akasema, “Rudi nyumbani, mwanangu. Ukishamaliza kukasirika, uje.”

Nilirudi kwa miguu nikimtukana moyoni njia nzima. Ilinichukua mpaka mavuno ya kahawa kwenda tena, na safari hiyo nilipiga magoti, uani, majirani wanaona, na Jumapili iliyofuata nikasimama kwenye umoja wa wanawake nikasema yule mwongo nilikuwa mimi. Tusekile alinisamehe, ni Mkristo. Lakini kukaa nyumbani kwangu hakurudi tena. Aliolewa hukohuko Nkunga, na kwenye harusi yake gauni alivaa la mtumba.

Basi ndiyo hivyo. Hasira ninazo bado, za Ambakisye sitaziacha, kile kicheko cha bisibisi nakidai haki mpaka leo. Ila kuapa mbele za watu juu ya kitu ambacho ndani yake sijatazama kwa macho yangu, nimekoma. Na nyumbani kwangu kikipotea kitu, iwe kijiko, iwe ufunguo, hamtanisikia nikiita jina la mtu. Nafunga mdomo, napekua kikapu changu, napekua kitanda changu, napekua kichwa changu, na nikimaliza naanza upya.