Rangi Nyeupe Kwenye Faili

Madaktari wanafunzi niliopewa niwafundishe, katika hospitali moja ya pwani ya kusini, walijua kila kitu isipokuwa kuandika. Faili la mgonjwa walilifanya daftari la mtoto wa darasa la kwanza: mikwaruzo, neno limekatwa mara tatu. Nami nilikuwa na dawa yao. Nikiona mkato mmoja, nachana ukurasa mbele ya wodi nzima. "Andika upya, msomi." Faili, nikawaambia, ni shahidi mahakamani, na shahidi mchafu nani atamwamini? Nilijiona mwalimu hasa.

Soko huria lilipofika, maduka ya Kilwa Masoko yakajaa vikorokoro, kimojawapo kichupa cha rangi nyeupe ya kufutia makosa. Wanafunzi wangu wakakipapatikia. Mafaili yakang'aa kama kanzu za Idi. Nikawasifu, mpumbavu mimi.

Kisha mama mmoja wa Njinjo akafariki wakati wa kujifungua. Ndugu zake wakamshitaki muuguzi wa zamu kwamba alichelewa kumwita daktari. Tume ikaja. Muuguzi akaapa kwamba aliita saa nane mchana, na mwanafunzi wangu aliyeitwa siku ile akasema ni kweli. Faili nalo lilisema saa nane. Ila hiyo nane ilikaa juu ya rangi nyeupe. Mwanasheria wa tume akaikwangua kwa ukucha, chini yake ikatokea saa kumi.

"Saa kumi ndipo nilipokaa kuandika, mzee," kijana akasema. "Nilikosea, nikasahihisha palepale."

"Kosa hukatwa kwa mstari mmoja, likasomeka, ukatia sahihi pembeni. Hamkufundishwa?"

"Mwalimu wetu akiona mkato anachana ukurasa."

Hakunitazama. Walionitazama ni wengine wote. Nami, bingwa wa kuchana, nikasema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanapenda njia ya mkato. Nyani haoni kundule. Naona haya mpaka leo.

Muuguzi akafukuzwa kazi, akarudi kwao Rutamba kulima korosho. Miaka ikapita, tukakutana stendi ya Lindi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama."

"Bado unafundisha kuandika?"

"Bado."

Akajitwisha mzigo wake. "Siku ile ungesema tu, daktari."