Amplifaya Iliyoziba Mwanya wa Mama

Mimi ni fundi wa redio hapa Burumba, mpakani, na ugonjwa wangu unajulikana: nikiona amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama koroboi, akili inahama. Nilipoipata moja ya kusukumia hedifoni kwa mfanyabiashara wa upande wa Uganda, nilivuka mpaka nayo, kifua mbele, utadhani nimebeba Ekaristi.

Baba yangu masikio yalikuwa yanamwishia, na daktari alishasema hayatarudi. Alitaka kitu kimoja tu kabla hayajafunga kabisa: kumsikia marehemu mama kwenye rekodi ya kwaya ya Mundika, pale anapoimba ubeti peke yake. Rekodi ilikuwa kwenye simu, lakini simu haikuweza kusukuma hedifoni yangu kubwa.

"Mzee, tulia," nikajigamba. "Leo utamsikia vizuri kuliko alipokuwa hai."

Valvu zikawaka. Akasikiliza, akakunja uso, akavua hedifoni.

"Huyu ni nani?"

"Mama!"

"Wacha mchezo. Mama yako alikuwa na mwanya. Mwanya uko wapi?"

Nilikasirika, sifichi. Nikamhubiria jinsi valvu inavyolainisha sauti na kuitia utamu.

"Nani alikuomba utamu?" akasema. "Mimi niliishi naye."

Nikavaa mwenyewe. Wueh! Besi imevimba, kwa sababu amplifaya ile na hedifoni yangu hazikuelewana, na zile sauti nyembamba za juu zimemezwa. Mama alikuwa akipiga mluzi kwenye kila "s". "Yesu" yake ilichekesha kanisa zima, padri akiwemo. Mashine yangu ya kifahari ilikuwa imemziba mwanya.

Kwa aibu nikatoa amplifaya yangu nyingine, chipu ya bei ya maandazi mawili niliyoiunga ndani ya kopo la majarini. Chipu haina mapenzi na mtu. Inachopewa ndicho inachokuza, kibaya kwa kizuri, na inaishika hedifoni isiyumbe. Mzee akaweka kopo mapajani, akavaa.

"HUYO!" akapiga kelele, kama wote waliovaa hedifoni. "HUYO SASA!" Akacheka mpaka machozi, na mimi nikalia waziwazi, fundi mzima.

Siku hizi hasikii hata mlango ukibishwa. Lakini kila asubuhi anaweka kopo mapajani, anavaa hedifoni, anabonyeza simu na kutazama sekunde zikisonga. Ubeti ukifika kwenye "Yesu," anapiga ule mluzi yeye mwenyewe, na hajawahi kukosea pa kuuweka.