Nyota Niliyoachiwa Juu ya Jiwe

Mimi nimechoka kubishana na watu. Jambo hili lilinipata mwenyewe, nikiwa macho, akili zangu timamu. Ukitaka kuamini, amini.

Nauza ndakala kavu, vile vidagaa vya ziwani, sokoni Baraka. Mwaka ule nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, basi mdogo wangu Riziki, aliyeolewa milimani upande wa Fizi, akaniita nikapumzike kwake. Kijiji chao kinajulikana kwa maporomoko ya maji na kwa jiwe moja kubwa, bapa, ambalo watu hulipanda jioni kutazama nyota. Wageni wanatoka mpaka Uvira. Na kweli, kule nyota ziko karibu, unaona kama utazigusa.

Jioni ya kwanza Riziki alikuwa bado anasonga bugali, akaniambia mimi, dada yake mkubwa, nitangulie. "Yaya, kule juu mutu akikuomba kitu, kataa tu." Nikacheka. Nani ataniomba nini mlimani?

Juu ya jiwe nilimkuta mama mmoja, kitenge mabegani, anaikodolea macho nyota nyekundu iliyokuwa inapanda juu ya ziwa, upande wa Ubwari. Tukasalimiana. Macho yake yalikuwa yamechoka kuliko yangu. Nikaketi kando yake, naye akasema bila kunigeukia, "Mama, uniangalilie hii nyota kidogo. Nakuya."

Sasa wewe ungejibu nini? Sokoni maneno hayo tunaambiana kutwa. Jirani yangu akienda kuswali ananiachia meza yake, nami naitika hata kabla hajamaliza kusema. Ulimi ukajibu wenyewe: "Wende tu, mama, niko."

Akashusha pumzi ndefu, akajilaza kwa ubavu, akafumba macho. Nilipoinama nimfunike vizuri, palikuwa na jiwe tupu.

Riziki akanikuta palepale, nimetazama juu. Nilipomweleza, akakaa chini akaanza kulia. "Yaya, ulimuitika? Ule mama alikufaka zamani, mi sijazaliwa. Na yeye balimuachia hii nyota vile vile."

Tangu hapo nyota ile ikipanda, silali. Nikifumba macho, sauti inaniuliza sikioni, taratibu, "Iko?" Nimeombewa kanisani, nimesomewa dua, nimemeza vidonge vya daktari. Mpaka izame nyuma ya milima ndipo nasinzia, na soko linaningoja.

Dawa yake naijua. Ni kumwambia mtu mwingine maneno yale yale. Juzi Riziki alishuka kunisalimia, tukakaa uani, nyota ikapanda. Nikasikia mdomo wangu unafunguka. Niliubana kwa kiganja mpaka akaingia ndani kulala, nikabaki namsikia anavyokoroma. Nilimwonea wivu, ndugu yangu wa tumbo moja.

Kwa hiyo ukipita Baraka usiku, ukamkuta mama muuza ndakala amekaa nje peke yake, akakuomba umwangalilie kitu kidogo, usimwonee huruma. Usimwitikie, pita. Huyo ni mimi, na siku hiyo nitakuwa nimeshindwa.