Saa Aliyoiongeza Ursula

Wifi yangu Ursula ni mwoga. Nasema wazi, na mwenyewe nimeshamwambia usoni, maana mimi na yeye hatufichani. Mumewe akichelewa kurudi kutoka shambani, anaanza kulia kabla hajajua analilia nini. Kwao ni Lulindi, akaolewa na kaka yangu Nathanaeli huku kwetu Newala, na mimi Oliva ndiye wifi mtu, mwenye mdomo kama mnavyonisikia.

Sasa mwoga huyo ndiye waliyempa mashine ya maji.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Mitumba imejaa Masasi, na mradi wetu wa maji nao wakampa mkandarasi. Sisi wa huku mlimani hatuna mto wala kisima. Maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni mpaka kwenye tangi la zege hapa kijijini. Mkandarasi akapunguza wafanyakazi, akabakiza wawili: Ursula bondeni kwenye pampu, Nathanaeli huku juu kwenye tangi. Badala ya waliopunguzwa akaleta kompyuta. Swichi kubwa ya umeme akaifungia ndani ya sanduku la chuma kwa kufuli, eti watu wasiuze maji kinyemela, na ufunguo akaenda nao Masasi. Mnaiona akili hiyo?

Programu iliandikwa na kijana wa Moshi, Hilary, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Kijana mpole, shikamoo zake mpaka zinachosha. Usiku pampu hulala, na saa mbili asubuhi huamka yenyewe. Akamfundisha Ursula: siku ya kusafisha tangi, kabla ya saa mbili, andika masaa unayotaka pampu iendelee kusubiri, bonyeza, basi. Koki ya kuzuia maji kule juu ilishaliwa na kutu, haifungiki, kwa hiyo uhai wa kaka yangu ulikuwa kwenye namba hiyo.

Kusafisha ni kazi ya kutwa. Nathanaeli huingia alfajiri kwa ngazi ya mbao, kupitia tundu la juu, akwangue tope na ule utelezi wa kijani. Masaa tisa yalimtosha. Mwaka wa kwanza tisa, wa pili tisa.

Mwaka wa tatu Ursula hakulala. Asubuhi akanishika mkono, wake wa baridi.

“Wifi, tope la mwaka huu ni jingi. Je, akichelewa kutoka?”

“Acha uchuro wako!”

“Namwongezea saa moja. Yawe kumi.”

Akateremka bondeni. Mimi nikapanda juu ya tangi na kamba yangu, kazi yangu kuvuta ndoo za tope.

Nilikuwa na ndoo mkononi bomba lilipokohoa.

“Kaka, toka! Maji!”

“Oliva, leo umeanza utani mapema,” akanijibu, anacheka.

Hajamaliza kucheka, maji yakatoka bombani kwa nguvu, yakaiangusha ngazi, naye yakambwaga. Sisi watu wa mlimani, nani alijifunza kuogelea, tena wapi? Akainuka, akaanguka, akainuka tena. Nikamtupia kamba, mikono yake imejaa utelezi, inachomoka. Nikapiga yowe, lakini kijiji kizima kipo kwenye mikorosho. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni. Alikuwa ananitazama, na macho yale sitaki kuyaona tena maishani. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Yalipomfika kifuani, bomba likanyamaza.

Huko bondeni, Ursula alikuwa ameandika kumi, akabonyeza, na pampu ikanguruma papo hapo. Akabonyeza kila kitu, haisikii. Ndipo akachukua jiwe, akaliponda kufuli la mkandarasi mpaka vidole vikachanika, likakatika, akashusha swichi. Kisha akaupanda mlima wote, hajui kama ameshakuwa mjane.

Alifika peku, watu waliorudi kutoka mikoroshoni wamekwisha kumtoa mumewe na kumfunika kitenge. Hakumsogelea. Alisimama mbali, akaniuliza mimi.

“Wifi, yupo?”

“Yupo.”

Akakaa chini pale pale, mavumbini.

Hilary alipokuja alitueleza, jasho linamtoka. Kompyuta inageuza masaa kuwa sekunde, na sekunde hizo inaziweka kwenye chombo kidogo cha namba. Chombo alichokichagua kinapokea namba za juu ya sifuri na za chini ya sifuri, kwa hiyo nusu ya nafasi imeshikwa na zile za chini. Za juu zinaishia elfu thelathini na mbili na kitu. Sekunde za masaa tisa zinaingia. Za kumi zinafurika, namba inageuka kuwa ya chini ya sifuri, na mashine inaona muda umekwisha zamani. Inawasha.

“Ungeandika tisa, mama,” akamwambia Ursula, “kusingetokea kitu.”

“Wee!” nikamrukia. “Mtu anamwongezea mumewe muda wa kuishi, wewe unamwambia amekosea?” Kijana akanywea.

Akaongeza neno moja kwenye programu yake, unsigned, yaani chombo sasa kisahau kabisa namba za chini ya sifuri, nafasi yote iwe ya zile za juu. Akasema sasa kinabeba hata masaa kumi na nane.

“Na kumi na tisa?” Ursula akauliza.

Hilary akatazama chini. “Usiandike kumi na tisa, mama.”

Ufunguo je? Mkandarasi alileta kufuli jipya, kubwa zaidi, na ufunguo akaenda nao tena Masasi.

Mwaka uliofuata, siku ya kusafisha, Nathanaeli ameshaingia tangini, Ursula akanikuta na kamba yangu. Hakuwa analia.

“Wifi, bondeni nenda wewe.”

“Na wewe?”

Alikuwa ameshafunga kanga kiunoni, mguu mmoja kwenye ngazi.

“Mimi nashuka naye. Maji yakija, yatukute wote wawili.”

Nikateremka. Nikakaa mbele ya ile mashine, nawaza niandike tisa au kumi, sijaandika kitu, na saa mbili ya pampu kuamka inakaribia.