Redio Iliyosikika Tana Nzima

Niliondoka Garsen nikiwa nimeichukia mvua kabisa. Barabara ilikuwa chini ya maji, na habari zilitufikia zahanatini kwamba ng'ambo ya kijiji cha Hewani, kwenye kambi ya wafugaji, mama mmoja aitwaye Habiba anahema kwa shida. Daktari wa karibu alikuwa Malindi, nasi tungempata kwa redio ya mawasiliano tu. Nikafunga sanduku la dawa, redio na betri ya gari ndani ya nailoni, nikapanda mtumbwi wa mvushaji wetu, Komora.

Mtoni, Komora alisukuma mtumbwi kwa upondo, mti wake mrefu, huku akinitania. "Muuguzi, tukizama niokoe wewe au redio?"

"Redio. Mimi najua kuogelea."

Uongo mtupu. Mizoga ya ng'ombe ilitupita ikielea, na kila tulipokwaruza kisiki niling'ang'ania ukingo wa mtumbwi.

Adhuhuri tulifika kambini, kwenye kiinuko kilichobaki kikavu. Barisa, mume wa Habiba, alitupokea kwa maziwa. Sikuyagusa, nikaenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Alikuwa akiungua kwa homa, kifua kikimkoroma. Nikatundika waya wa redio mtini, wafugaji wakatuzunguka, nikamweleza daktari hali yake.

"Ni nimonia," ilisema sauti yake kutoka Malindi. "Mdunge penisilini. Lakini uliza kwanza kama amewahi kudungwa, na kama ilimdhuru. Ova," akamaliza, akiniachia zamu ya kusema.

Nikamgeukia Barisa.

"Sindano hakuna, daktari," alinijibu mimi upesi mno, macho chini.

Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nilipopangusa bega la Habiba nikaona alama mbichi ya sindano, nene kuliko zetu. Nikaogopa.

"Garsen, mmeshamdunga? Ova," daktari aliita redioni.

Hapo nikakumbuka kwamba sauti zetu zinasikika kila kituo, toka Hola mpaka Kipini, na siku zile za mafuriko watu walishinda kando ya redio wakingoja habari za jamaa zao. Nikaizima. Nikawaomba wengine wasogee mbali.

"Barisa, sasa hakuna anayetusikia."

Akachuchumaa karibu yangu. "Jana mimi nilimdunga ya ng'ombe. Akafura uso, mwili yote ikatoka vipele, pumzi karibu ikate. Nikisema kwa redio, Tana yote itacheka. Watasema Barisa amefanya bibi yake ng'ombe."

Akaniletea chupa. Ilikuwa penisilini, ile ile niliyokuwa nimeishika mkononi.

Nikaweka bomba chini. Nilipowasha redio nilisema tu kwamba penisilini haipatani na mgonjwa. Daktari hakuchimba, akachagua dawa nyingine iliyokuwemo sandukuni. Nilikesha nikihesabu pumzi za Habiba. Asubuhi akaomba maziwa, na safari hii nami nikanywa.

Njiani kurudi Komora aliuliza yule bwana aliniambia nini. Nikamwambia atazame mbele, kuna kisiki.

Redio ile imetusaidia wengi tangu siku hiyo, nami siendi popote bila hiyo. Ila kwa kila mgonjwa huizima kwanza, nikauliza, ndipo nikaiwasha.

Na Barisa si jina lake.