Shule ya Ng'ambo ya Kasumbalesa

Nilikuwa na shule mbili za biashara za kuchagua, na akili isiyotosha hata moja. Barua ya Ubelgiji ililetwa na posta. Ya Zambia aliileta mama yangu.

Kampuni ya shaba, alikofanya kazi baba, ilikuwa tayari kunisomesha popote. Lakini katika Lubumbashi ya siku zile, aliyepanda ndege ndiye aliyesafiri. Aliyevuka mpaka wa Kasumbalesa kwa lori alikuwa ameenda sokoni tu. Mama alivuka kila wiki kutafuta sabuni na sukari za kuuza mtaani kwetu Ruashi. Siku moja aliingia katika shule ile ya Zambia na kapu lake mkononi, akaonyesha vyeti vyangu, akaniombea nafasi. Bahasha aliirudisha imefungwa ndani ya kitenge isichafuke.

"Mutoto wangu, kule iko karibu," aliniambia. "Ukigonjwa, nitafika siku ileile. Bulaya nitafika na nini?"

"Mama, kule ni kwa bantu ba magendo. Miye naenda Bulaya."

Nilisema hivyo nikiwa nimevaa viatu vilivyonunuliwa kwa magendo hayohayo. Mama hakukasirika. Afadhali angenizaba kofi.

"Soma kwanza," alisema, "kisha ukatale."

Sikuifungua. Niliiacha juu ya meza, nikaenda kwa fundi kupimwa abakosti ya safari, suti ile isiyovaliwa tai. Siku ya kuondoka majirani wote walikuja kunitazama, nami nilifurahi kutazamwa. Mpumbavu gani hafurahi?

Ubelgiji, mwalimu alitumia saa nzima kutueleza namna ya kujua haja ya mteja kabla hajafungua mdomo. Niliandika kila neno. Mama alifanya hivyo kila asubuhi kwa kikombe cha kupimia sukari, nami nilikuwa nikiona haya kukaa kando yake.

Mwaka wa pili ilikuja telegramu: mama mgonjwa. Nilikimbilia tiketi, nikaambiwa ndege ya karibuni ni ya wiki ijayo. Kabla ya wiki hiyo kwisha ikaja telegramu ya pili. Lori la Zambia lingenifikisha siku ileile. Majuto ni mjukuu, husema wazee. Wangu amekaa nami hadi leo na hataki kwenda kwao.

Niliporudi na diploma yangu, mama mdogo alinipa sanduku la bati la marehemu. Chini ya vitenge ilikuwemo bahasha ile. Niliifungua kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na fomu ya kukubali nafasi, yenye mahali pawili pa kutia sahihi. Pa mzazi palikuwa na alama ya kidole gumba, wino wa bluu, imekandamizwa kwa nguvu. Pa mwanafunzi palikuwa peupe.