Kosa la Muzee Kwenye Radikali

Nilipoanza kazi ya asista, mwalimu msaidizi wa kemia chuoni hapa Goma, mtu mmoja tu mjini alielewa nilichokuwa nikitafuta: profesa mzee aliyenifundisha. Nilitafuta joto la kuundwa kwa radikali za hidrokaboni, yaani nishati inayoingia au kutoka zinapoundwa. Uking'oa hidrojeni moja kwenye molekuli ya gesi ya kupikia, kinachobaki ndicho radikali. Hakikai, huwezi kukifungia kwenye chupa ukakipima. Unazunguka: unatafuta nguvu iliyong'oa ile hidrojeni, kisha unapiga hesabu.

Mama yangu aliniuliza mara moja tu.

"Ile joto unatafuta, itapikia nani?"

Nilicheka, naye akacheka. Hatukulirudia tena.

Kisha muzee akastaafu, akahamia kwa binti yake, huko mji wa Kiwanja. Aliniachia kaye yake ya zamani, daftari la vipimo vya siku alizokuwa akipima mwenyewe katika labo ya Ulaya. Ofisini nikabaki na ordinatere, kompyuta yangu ya kupigia hesabu. Wenzangu walikuwa watu wema. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, basi. Kuna wiki nilizomaliza bila kutamka neno "radikali" kwa sauti.

Siku moja ordinatere ilimaliza hesabu ya radikali ambayo muzee aliwahi kuipima. Namba yangu ilikuwa juu kuliko yake. Nikarudia, ikawa ileile. Nikaisoma kaye ukurasa kwa ukurasa mpaka nikaona. Alipima vizuri kasi ya bromini inaponyang'anya hidrojeni. Safari ya kurudi, radikali inapoichukua tena hidrojeni yake, hakuweza kuipima, akakisia kwamba inahitaji joto kidogo. Vipimo vipya vinaonyesha kinyume: ukiipasha moto, inapungua kasi. Kisio hicho kidogo kilishusha kila namba iliyofuata.

Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima. Wa kumwambia alikuwa mmoja, na ndiye mwenye kosa.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikapita Kibati, nikafika Kiwanja nimejaa vumbi. Nilimkuta barazani akichagua maharage.

"Muzee, ile namba mulipata iko chini."

"Chini namna gani?"

Nikaifungua kaye, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole.

"Ni ile ya kurudi," akasema kabla sijaeleza. "Nilizania tu."

"Ndiyo, muzee."

Akaifuata tena mistari ileile. Niliogopa nimemuumiza. Kisha akavua miwani.

"Miaka yote hii hakuna mutu alifungua hii kaye na kuhakikisha. Nilikuwa naona niko sawa, kumbe ni juu ya kukosa mwenye kuniambia hapana." Akamwita binti yake kwa sauti kubwa: "Leta chai! Huyu amenikosoa!"

Tulibishana juu ya radikali moja baada ya nyingine mpaka alasiri. Binti alisimama mlangoni akisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Muzee akaniamuru niandike namba mpya kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi pembeni.

Alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Msibani watu walisifu uvumilivu wake, sala zake, ng'ombe wake. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilikosa pa kuanzia. Nilisema alikuwa mwalimu mwema, nikakaa.

Mwaka huu nimepata namba ya radikali nyingine, ile tuliyobishania zaidi siku ile. Alikuwa sahihi yeye, si mimi, na wa kumwambia hayupo tena. Niliihakiki mara tatu, nikazima ordinatere, nikafunga ofisi, nikateremka mjini kwa miguu.